Kompyuta ya Nyakerario na Jua la Ijumaa

Nyakerario wa Sironga alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa vidoleni. Alichapa. Alichapa bila mashine. Mhubiri akisimama kanisani, vidole kumi vya Nyakerario vilianza kukimbia juu ya mapaja, chini ya leso, na kila neno la mhubiri likachapwa pale pale kwenye kitambaa pamoja na koma zake na nukta zake. Redio ikisoma matangazo ya vifo, yeye alichapa mezani. Haron, mumewe, alisema hata akiwa amelala humchapa mgongoni.

"Jana uliniandikia barua ndefu," Haron humwambia asubuhi wakinywa chai. "Sijui ulikuwa unaomba kazi wapi."

Kisa ni kwamba mwaka wa tisini na tisa, akiwa msichana, alisomea taipu Kisii mjini. Miezi tisa, vidole vyote kumi, macho kwenye karatasi na siyo kwenye herufi. Alifaulu sana. Lakini siku aliyotoka na cheti chake, ofisi zote zilikuwa zinatoa mataipu kwa mlango wa nyuma na kuingiza kompyuta kwa mlango wa mbele. Akarudi nyumbani, akaolewa, akapanda majani chai. Vidole havikuambiwa kwamba kazi imekwisha.

Mwezi wa kumi mwaka huu bonasi ya chai ikaja nono. Wiki hiyo hiyo Nyakerario alikutana na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, amebeba bahasha kubwa, amekunja uso.

"Mitihani," mwalimu akasema. "Napeleka Nyamira kuchapwa. Muhula uliopita waliandika kwamba ng'ombe ana miguu minane. Watoto wakajibu hivyo hivyo, na mimi nikawapa alama, ningefanyaje?"

"Nipe mimi," Nyakerario akasema.

"Kwani una mashine?"

"Jumatatu ijayo nitakuwa nayo."

Neno lilimtoka mdomoni kama kuku aliyeona mlango wazi. Mwalimu akamtazama juu hadi chini, kikapu cha chai mgongoni, gambuti miguuni, akasema sawa. Jumatatu asubuhi angepita. Mashine ikiwepo, mitihani ya kufunga muhula ni yake, na ya mihula mingine pia. Isipokuwepo, bahasha inaenda Nyamira kama kawaida.

Hapo ndipo Nyakerario alipoanza kutafuta kompyuta ya mezani kwenye simu. Zile za maduka makubwa bei yake ilimfanya acheke peke yake jikoni. Siku ya tatu akakutana na kampuni iitwayo Bashasha Kompyuta. Hajawahi kuisikia, na hakuna mtu Sironga aliyewahi kuisikia. Picha ilionyesha mashine kamili, iliyokwisha kuunganishwa, na kioo chake, kibodi yake na kipanya chake, shilingi elfu kumi na nane, bonasi inatosha na sukari inabaki.

Alipiga simu. Msichana akapokea, sauti changamfu.

"Bashasha Kompyuta, Farhiya hapa, nikusaidie vipi mama?"

Mtu mwingine angeuliza habari za mashine. Nyakerario aliuliza kile ambacho watu wa kwao huuliza kwanza kabla ya kununua hata mbuzi.

"Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"

Farhiya akacheka. "Mimi wa Mzee Osman, mama. Sisi tuko Nairobi."

"Mimi niko huku Kisii. Na mama yako?"

"Mama amezaliwa huko huko kwenu Kisii, nyuma ya msikiti. Mjomba wangu Zubair ana duka la vitambaa mjini, mizigo yetu yote ya upande huo huwa tunaishushia kwake."

"Aa!" Nyakerario akasema, na moyo wake ukakaa chini. Zubair alimjua. Zubair ndiye aliyemuuzia kitambaa cha sare ya kwaya, akampimia na inchi mbili za ziada bila kuombwa. Kampuni ilikuwa haijulikani, lakini sasa ilikuwa na mjomba.

Baada ya hapo tu ndipo alipouliza habari za mashine, na Farhiya akamtumia video: kompyuta inawaka, na juu ya kioo kipande cha karatasi kimeandikwa NYAKERARIO WA SIRONGA. Sharti lilikuwa moja. Ukipokea mzigo unatia sahihi, na kuanzia dakika hiyo una saa ishirini na nne. Kifaa kikiwa kibovu, unatuma video ya kufungua boksi, bila kukatwa katikati, ukiwa umechomeka na kuwasha. Saa zikipita, kilicho chako ni chako.

Alilipa siku ya Jumanne. Jumatano kituo kizima cha kuuzia majani chai kilikuwa kimejua.

"Watakutumia tofali," akasema karani wa mizani.

"Wamenionyesha jina langu juu ya kioo."

"Jina lilikuwa kwa karatasi. Kwani karatasi haiwezi kubandikwa kwa tofali?"

Wachumaji wakacheka hadi majani yakamwagika. Nyakerario naye akacheka, kwa sababu ilichekesha, na vidole vyake vikachapa ukingoni mwa kikapu: kwani karatasi haiwezi kubandikwa kwa tofali, alama ya kuuliza.

Haron hakucheka. "Mimi sisemi kitu," akasema jioni hiyo. Alisema hivyo tena Alhamisi asubuhi, na Alhamisi mchana, na mzigo ulipokosa kufika Alhamisi jioni akasema mara mbili.

Ujumbe wa Zubair kwamba mzigo umefika uliingia Ijumaa saa tisa na nusu, Nyakerario akiwa amepiga magoti anapiga sakafu maji, maana Ijumaa ni siku ya kumaliza kila kitu. Nguo za kesho zilikwisha pigwa pasi, maharagwe yalikwisha iva. Jua likizama Sabato inafunguliwa, na tangu abatizwe Nyakerario hajawahi kununua hata njiti ya kiberiti siku hiyo, wala kuuza, wala kumtuma mtu amnunulie. Angengoja Jumapili. Mtu mwenye akili angengoja Jumapili. Alitupa tambara kwenye ndoo, akavaa viatu, kimoja chake na kimoja cha binti yake, akatoka mbio.

Saa kumi na moja na nusu alikuwa ndani ya duka la Zubair mjini Kisii, amesimama mbele ya boksi linalomfika kiunoni.

"Mama Nyakerario! Habari ya Sironga?"

"Njema sana. Ni hilo?"

"Ndilo hilo. Ngoja nikueleze kwanza..."

"Niweke sahihi wapi?"

Zubair alimwonyesha kwenye simu, lakini kidole kimoja alikuwa amekiinua hewani kama mwalimu, ana la kusema. Nyakerario hakukiona. Alitia sahihi yake nzima, ile ya kwenye cheti cha taipu, na mkia wake chini. Simu ikalia *ting*.

"Haya," Zubair akasema, akakiteremsha kile kidole polepole. "Nilitaka nikuambie usitie sahihi hadi Jumapili. Wewe si wa Sabato?"

Hapo ndipo hesabu ilipomwingia Nyakerario. Sasa ni saa kumi na moja na nusu, Ijumaa. Saa ishirini na nne zinaisha kesho saa kumi na moja na nusu, na kesho saa kumi na moja na nusu jua bado liko juu, na yeye bado yuko Sabatoni. Hawezi kulifungua boksi, hawezi kudai. Ndani kukiwa na tofali, Jumapili atakuwa ni mwenye tofali halali.

"Iondoe hiyo sahihi," akasema.

"Imeshakwenda Nairobi, mama."

Akampigia Farhiya. "Mama yangu," Farhiya akasema kwa huruma, "wakati unahesabiwa na mashine yenyewe. Hata mimi hainisikii."

"Nitakufungulia mimi kesho," Zubair akasema. "Kwangu kesho ni siku ya kazi tu."

"Nikikutuma wewe, Zubair, si ni mimi nimefanya kazi?"

Zubair akafikiri, akakubali kwamba ni kweli.

"Basi nichomeke hapa hapa, sasa hivi!"

Zubair akanyoosha mkono kuelekea dari. Taa zilikuwa zimezimika. Mtaa mzima ulikuwa hauna stima tangu adhuhuri. Nyakerario akatazama dari, akatazama boksi, akatazama jua la mlangoni, na badala ya kulia akaanza kucheka, kile kicheko kinachompata mtu akiwa amechelewa sana kiasi kwamba kilichobaki ni kukimbia.

"Dada yangu yuko Nyanchwa," akasema. "Kule stima iko. Niitie boda!"

Mwenye boda aliitwa Joash, mzee mzima mwenye kofia mbili, moja juu ya nyingine. Walililaza boksi lile kwenye kiti, wakalifunga kwa mipira, Zubair akalifunika na karatasi ya nailoni maana mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na Nyakerario akapanda nyuma yake akiwa amelikumbatia kama mgonjwa.

"Ni nini hii?" Joash akauliza wakikata kona mbele ya malori ya ndizi.

"Kompyuta. Au tofali."

"Uzito wake si wa tofali," Joash akasema baada ya kuusikiliza mwendo wa pikipiki. "Tofali hunyamaza. Hii inatingika ndani."

"Inatingika?"

"Kidogo tu, mama. Usijali."

Alijali hadi juu ya kilima. Njiani alimpigia Haron, akamwambia Sabato ataifungulia Nyanchwa. "Mimi sisemi kitu," Haron akasema.

Dada yake, Nyanchama, alikuwa mlangoni akimsugua mtoto miguu ndani ya beseni. Alipoona boksi likiteremka kwenye boda, na nyuma yake mdogo wake mwenye viatu visivyofanana, alisimama na sabuni mkononi.

"Nyakerario wewe! Kuna aliyekufa?"

"Bado. Dada, soketi iko wapi?"

Kwenye kiti cha kona alikaa Mogaka, mume wa Nyanchama, mzee wa kanisa, ameshavaa tai. Siku za wiki Mogaka alikuwa na mashine ya kusaga unga pale sokoni, lakini Ijumaa jioni alikuwa na kazi moja tu, nayo ni saa. Ukutani alikuwa na kalenda yenye dakika za jua kuzama kwa kila Ijumaa ya mwaka, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa dakika moja.

"Shemeji karibu," akasema. "Leo ni kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Sasa ni kumi na mbili kasoro dakika moja."

"Zinanitosha, shemeji."

"Mimi nitakuwa nazitaja."

Video ilitakiwa, kwa hiyo simu ikapewa Valentine, binti wa nyumba hiyo, wa miaka kumi, ambaye alikuwa amengoja maisha yake yote apewe kazi kama hiyo. Hakushika tu simu. Alitangaza.

"Naam wasikilizaji, anti yangu amechukua kisu! Kisu cha sukumawiki! Anakata! Amekata! Boksi limefunguka, na ndani tunaona... tunaona... magazeti!"

"Magazeti?" Nyanchama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Ya kuzuia kuumia," Nyakerario akasema, akiyatupa nyuma kama mbwa anayechimba. Kikatoka kioo. Ikatoka kibodi. Kikatoka kipanya. Likatoka sanduku lenyewe la kompyuta, jeusi, linang'aa, siyo tofali kabisa, na Nyakerario akalibusu upande wa juu mbele ya mzee wa kanisa.

"Kumi na mbili na kumi," Mogaka akasema.

"Na ile kitu ilikuwa inatingika ni nini?" Nyakerario akauliza.

Ilikuwa ni peremende. Farhiya alikuwa ameweka mkebe wa peremende ndani ya boksi, na watoto wadogo wakaukamata kabla video haijaufikia.

Waya zikaanza. Kila waya ulikuwa na mdomo wake na kila tundu lilikuwa na sura yake, na Valentine aliimba rangi zake moja moja. Pasi ikachomolewa, televisheni ikachomolewa. Nyakerario akabonyeza kitufe cha mbele.

Kimya.

Akabonyeza tena. Valentine akasogeza simu karibu na kitufe.

"Kumi na mbili na kumi na tano," Mogaka akasema, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

"Ni tofali lenye waya," Nyanchama akasema, akijifuta mikono. "Pole, mdogo wangu."

Nyakerario alihisi bonasi ya mwaka mzima ikimshuka kutoka kifuani kwenda magotini. Aliiona bahasha ya mwalimu mkuu ikipanda gari kwenda Nyamira, na ng'ombe wa miguu minane wakiwa ndani yake. Vidole vyake vikaanza kuchapa hewani, herufi ile ile moja, herufi ile ile moja.

"Tuma video hivyo hivyo," Nyanchama akasema. "Dai pesa zako, bado una dakika."

"Ngoja," akasema mtu.

Alikuwa ni Mogaka. Alikuwa ameinuka. Alikuwa anavua koti. Alilitundika mlangoni, akailegeza tai, akapiga magoti nyuma ya mashine, na mkewe akashika kiuno kwa mshangao, maana suruali hiyo ilikuwa ya kesho.

"Shemeji, mimi nimesaga mahindi miaka kumi na sita," Mogaka akasema kutoka nyuma ya sanduku. "Hakuna kitu cha stima kinachotumwa safari kikiwa kimewashwa. Mahali fulani kuna swichi kubwa. Lete tochi. Valentine, si machoni! Hapa. Mm. Mm. Ee, si hii?"

*Tak.*

Nyakerario akabonyeza. Feni ikavuta pumzi. Taa ndogo ya bluu ikafumbua jicho, kioo kikang'aa, na nyumba nzima ikapiga yowe ambalo jirani wa pili alidhani ni la arusi.

"Imewaka! Wasikilizaji, imewaka! Baba amewasha!"

"Nani ameshika saa?" Mogaka akauliza, akiwa bado magotini, vumbi puani. Hakuna. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameiacha mezani. "Kumi na mbili na ishirini na moja! Jaribu kila kitu, haraka!"

Juu ya kioo, katikati, kulikuwa na kijipicha kimoja kimeandikwa MAMA ANZA HAPA. Nyakerario akakibofya. Ukurasa mweupe ukafunguka, na juu kabisa Farhiya alikuwa ameandika: *Haya, sasa andika.*

Akaweka vidole. Miaka ishirini na sita ya mapaja, meza, vikapu na mgongo wa Haron, na sasa kulikuwa na vitufe chini, vitufe vya kweli, vinashuka na kupanda. Alifunga macho. Hakujua aandike nini, kwa hiyo akaandika alichokuwa amezoea kuandika, yaani lolote analolisikia.

"Shemeji, imebaki dakika tano, wewe unachezea nini hapo?" Mogaka akasema.

Kioo kikasema: *Shemeji, imebaki dakika tano, wewe unachezea nini hapo?*

Mogaka akasogea. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, "Shemeji, imebaki dakika tano..." na alipokuwa anasoma maneno yale yakawa yanajiandika tena chini, mstari wa pili.

"Nani anaandika hivyo?"

*Nani anaandika hivyo?*

"Nyakerario, acha mchezo!"

*Nyakerario, acha mchezo!*

Watoto walianguka sakafuni juu ya magazeti. Nyanchama alishika ukuta. Mogaka alifunika mdomo wake kwa mkono ili asiongeze kitu, lakini mabega yakamsaliti, yakaanza kutikisika, na mwishowe kicheko kikamtoka puani, na Nyakerario akakiandika pia: *Hhhhhhhm.*

"Hakuna kosa," Mogaka akasema alipopata pumzi, akiinamia kioo. "Hata koma iko mahali pake. Ati ulijifunza wapi?"

"Hapa chini tu, mjini. Zamani."

"Na miaka yote hii ulikuwa unachuma chai?"

Nyakerario alikuwa analichapa hilo swali.

"Ishirini na sita!" Valentine akapiga kelele, maana sasa saa ilikuwa kwake.

Nyakerario akanyakua simu, akamtumia Farhiya neno moja, *Inawaka*, akaongeza *mono*, yaani sana kwa Kikisii, akaongeza kwamba mjomba wake ni mtu mzuri, kisha akaiweka simu kifudifudi juu ya kabati. Hana haja ya saa ishirini na nne tena. Jumatatu mwalimu mkuu apite na bahasha yake, apite hata na mbili. Akabonyeza pa kuzimia, akakunja mikono.

Kompyuta haikuzima. Kioo kilibadilika kikawa bluu, kiduara kikaanza kuzunguka, na maneno ya Kiingereza yakatokea.

"Inasema nini?" Mogaka akauliza, koti mkono mmoja ndani.

"Inasema inajirekebisha. Asilimia kumi na mbili. Inasema tusiizime."

"Iambie ifanye haraka."

"Haisikii, shemeji. Hata Farhiya haimsikii."

Mogaka akatazama dirishani, akatazama kiduara. "Kwani hii ni ya dhehebu gani?"

Nyanchama ndiye aliyekata shauri. Alikunjua kitambaa cha meza cha wageni, akakitupa juu ya kioo, na bluu ikabaki inapenya kwenye vishimo vya mishono. Dakika ya ishirini na nane ikafika. Wakakaa wote, watoto na peremende mashavuni, wakaimba wimbo wa kufungua Sabato, na feni ikawashikia sauti ya nne, ile nzito, hadi mwisho.

Kisha Mogaka akasimama kuomba. Aliomba kirefu. Alishukuru kwa juma lililopita, akashukuru kwa wageni waliofika ghafla, akashukuru kwa mikono ambayo haikusahau. Nyakerario alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba, kila neno analipokea jinsi linavyokuja. Kando yake alisikia Valentine naye akijaribu, vidole viwili tu, puta, puta, kwenye goti.

"Na sasa, Baba," Mogaka akasema bila kufumbua macho, "tunaomba kazi zote zipumzike. Pamoja na za shemeji yangu Nyakerario, ambazo nazisikia hapa kwenye goti lake. Na hiyo usiandike, shemeji. Amina."

"Amina," wakasema, na aliyeanza kucheka hakujulikana.